Mlango Uliofunguliwa Wakati wa Hutuba

Karatasi ilisema Kalume Lewa ndiye mwizi kwa asilimia tisini na nne. Inspekta Kadzo Baya aliisoma mara mbili mezani kwake, kituoni Kilifi, kisha akaigeuza aone kama nyuma kuna maelezo zaidi. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amepeleka watu kortini kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kumpata shahidi anayejua hesabu kamili ya uhakika wake mwenyewe. Hilo peke yake lilimtia shaka.

Karatasi hiyo haikuandikwa na mtu. Ilitoka kwenye akili mnemba ya Mwambao Baridi, kampuni inayosafirisha vitu vya baridi kutoka Mombasa hadi Malindi na kwingineko. Kwa mwaka mzima sasa, mashine ndiyo iliyopanga lori lipi liende wapi, lipite barabara ipi, lipumzike wapi, na jokofu la nyuma liwe na baridi kiasi gani. Ilijua mlango ulipofunguliwa na ulipofungwa. Madereva waliiita Mamamkwe, kwa kuwa haikosi la kusema na inakuona hata ukipiga miayo.

Ijumaa iliyopita, lori moja liliondoka Mombasa na katoni sitini za insulini. Lilifika Malindi na katoni thelathini na nane. Kumbukumbu za mashine zilionyesha lilisimama Gede saa sita na dakika thelathini na tano mchana, na saa sita na dakika hamsini mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa dakika kumi na mbili. Dereva alikuwa peke yake. Mashine ikajumlisha, ikatoa jibu lake, na meneja wa kampuni akalileta polisi akiwa amelitia kwenye jalada zuri la plastiki.

Leo ilikuwa Jumatatu. Kalume angesomewa mashtaka saa nane mchana. Pamela, mwendesha mashtaka, alikuwa amemwambia Kadzo waziwazi kwenye simu: "Niletee taarifa moja ya shahidi, iliyotiwa saini, inayoonyesha mkono wa mtu mwingine. Moja tu. Nitaomba aachiliwe. Ukichelewa, namsomea, na ataenda rumande kama wengine."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo. Kadzo aliteremka seli.

Kalume alikuwa ameketi juu ya blanketi jipya ambalo bado lilikuwa na alama za mikunjo ya dukani.

"Nani kaleta?" Kadzo aliuliza.

"Mke wangu, Sidi. Akileta blanketi ujue kashakata tamaa, afande. Angekuwa na tumaini angeleta chakula tu."

"Nieleze tena. Nani alikwambia usimame Gede?"

"Mamamkwe. Skrini iliandika: pumzika dakika thelathini na tano, egesha upande wa msikiti. Nikaegesha. Ukikaidi anakuandika, na ukiandikwa mara tatu hupewi safari."

"Wewe waswali?"

Kalume alicheka bila kutaka. "Mie mtu wa Ganze, kwetu kanisa. Hata mimi nilishangaa. Nikaona basi, hiyo ni nafasi, nikaenda hotelini nikala wali na maharagwe. Niliporudi mlango umefungwa, kufuli iko palepale. Sikujua lolote mpaka Malindi."

"Lori hilo ni lako siku zote?"

"La, ni la Sufyan. Ijumaa asubuhi ndiyo naambiwa nilishike mimi, yeye apewe la Garsen." Alivuta ncha ya blanketi. "Afande, mie si mwivi. Lakini dhamana sina, na nikishasomewa, hata nikishinda kesi mwakani, nani atanipa lori? Kazi nyingine siijui."

Kadzo hakumwahidi kitu. Aliwahi kuwaahidi watu zamani, akajuta. Alipokuwa akipanda ngazi alikuwa akiwaza jambo moja lililomkera tangu Jumamosi. Mashine inayohesabu miayo ya mtu iliona mlango wa jokofu ukifunguliwa dakika kumi na mbili njiani, na haikupiga kelele. Ilikuja kusema baadaye, mali ilipokwisha kupotea. Ama ilikuwa mbovu, ama kuna mtu aliyeizoesha kunyamaza.

Jumamosi hiyo alikuwa amekwenda Gede mwenyewe. Kabibi, mama anayeuza viazi karai karibu na steji ya matatu, alikuwa ameona pikapu nyeupe ikirudi kinyumenyume hadi kwenye mkia wa lori, na watu wawili wenye makoti ya kampuni wakishusha katoni. "Nikasema ni watu wao," alisema. "Na si mara ya kwanza. Hata Ijumaa za nyuma wamekuja wakafungua, ila hawakuchukua kitu. Wanatazama, wanafunga, wanaenda zao." Kadzo aliyaandika hayo, lakini pikapu nyeupe katika Kilifi nzima ni nyingi kuliko mbuzi. Pamela asingekubali hilo peke yake.

Ofisi za Mwambao Baridi zilikuwa juu ya duka la vipuri. Meneja, Swafwan Uthman, alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita hivi, shati limenyooshwa, sauti ya upole, mkarimu wa kupindukia. Maji ya ukwaju yalikuwa mezani kabla Kadzo hajaketi.

"Nasikitika sana kwa Kalume," alisema. "Lakini mashine haina ndugu, Inspekta. Haina kabila, haina njaa, haina kisasi. Imesema ilichokiona."

"Mbona haikusema pale pale?"

"Hilo ni la kiufundi. Rayhana atakueleza, yeye ndiye mtu wa zamu." Akatabasamu. "Na kabla hujaniuliza, mimi Ijumaa saa hizo nilikuwa msikitini, Kibarani, safu ya pili, ubavuni mwa baba yangu. Kama kawaida."

Kadzo alikunywa funda moja la ukwaju. Hakuwa amepanga kumuuliza.

Rayhana alikuwa msichana wa miwani na buibui, mwenye kuongea haraka. Alimwonyesha Kadzo namna kazi inavyokwenda. Mashine ikiona jambo isilolielewa, inauliza. Mtu wa zamu anajibu kwa kubonyeza: kawaida, au hatari. Na kila jibu, mashine inalihifadhi na kujifunza.

"Nionyeshe kila mara mlango wa lori hili ulipofunguliwa Gede," Kadzo alisema.

Orodha ikajaa skrini. Zote Ijumaa. Zote mchana.

"Hizi za mwanzo ni kanzu ya Sufyan," Rayhana alisema, akaona haya kidogo. "Kanzu yake huiweka nyuma, kwenye baridi. Asema mbele kwanuka dizeli, na Ijumaa mtu haendi msikitini anuka dizeli. Basi akifika Gede hufungua, aichukue, afunge. Dakika moja. Mashine ikaniuliza, nikajibu kawaida. Ni ibada, jamani, nitamwandikaje mtu kwa ibada? Baada ya Ijumaa sita haikuuliza tena. Hata ikaanza yenyewe kulipangia lori mapumziko pale, kwa saa ile."

"Lori. Si Sufyan."

"Lori, ee. Inalijua lori."

Kumbe ndiyo maana Kalume, mtu wa kanisa, aliambiwa aegeshe msikitini. Kadzo alihisi raha ya ghafla, akaizuia. Alishuka na kidole kwenye orodha. Baada ya zile za dakika moja, mashine ilikuwa imeuliza tena mara tatu, katika Ijumaa tatu zilizofuatana kabla ya wizi. Mlango ulikuwa wazi dakika nne. Kisha saba. Kisha kumi na moja. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: kawaida. Na Ijumaa ya nne, ya dakika kumi na mbili, mashine haikuuliza kitu.

Mtu alikuwa ameilisha kijiko kwa kijiko mpaka ikakubali bakuli zima. Na pembeni ya kila jibu palikuwa na jina.

"Rayhana," Kadzo alisema polepole. "Hili ni jina lako."

Rayhana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Si mimi."

"Saa sita na dakika hamsini na mbili. Saa sita na dakika hamsini na nne. Saa sita na dakika hamsini na moja. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, napika. Tangu mwezi jana, Ijumaa nafunga kazi saa sita, bosi mwenyewe ndiye aliyeniruhusu. Muulize mama. Waulize majirani, walikula!"

"Neno lako la siri nani analijua?"

Rayhana aliinua kibodi. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, neno limeandikwa kwa herufi kubwa. "Ofisi nzima," alisema kwa sauti ndogo.

Kadzo angeweza kumkamata pale pale. Jina lilikuwepo, saa ilikuwepo. Lakini jina la Kalume nalo lilikuwepo, na asilimia zake. Akatazama tena skrini. Palikuwa na safu ndogo mwishoni ambayo hakuizingatia mwanzo. Majibu ya zamani yalionyesha yametoka kwenye kompyuta. Yale matatu yalitoka kwenye simu.

"Nani anaweza kujibu kwa simu?"

"Mimi na bosi tu, simu nyingine haikubali. Na yangu ilitumbukia ndooni tangu Ramadhani." Alitoa mkobani kabambe, simu ndogo ya vitufe vilivyofutika namba. "Natumia hii. Hata picha haipigi."

"Ufunguo wa akiba wa lori?"

"Kwa bosi."

"Na aliyemtoa Sufyan Ijumaa ile akamweka Kalume?"

"Bosi. Kwa mkono, si mashine."

Kadzo alimpigia Sufyan, kwa kuwa hakutaka kumsamehe mtu yeyote kwa sababu tu ya kanzu. Sufyan alipokea akiwa Garsen. Alikuwa mkali.

"Mie nikifungua mlango, natoa kanzu, nafunga. Dakika kumi na moja nafanya nini ndani ya jokofu, nalala? Hizo Ijumaa nilikuwa ndani ya msikiti wa Gede, na mwadhini wa pale ni mjomba wangu. Muulize."

Kadzo alimwamini nusu, na nusu hiyo ilimtosha kwa leo. Akamgeukia Rayhana.

"Saa sita na dakika hamsini na mbili, msikitini pana nini?"

"Hutuba. Imamu yuko juu ya mimbari."

"Mtu anaweza kutoka nje?"

"Atoke ende wapi?"

"Anaweza kutumia simu?"

Rayhana alimkodolea macho, kana kwamba ameulizwa kama mtu anaweza kukaanga samaki ndani ya msikiti. "Wakati wa hutuba hata jirani yako akiongea humwambii nyamaza, kwa kuwa nawe utakuwa umeongea. Kuchezea kijiwe tu ni makosa. Simu? Watu watamkumbuka mpaka Idi."

Swafwan alikuwa bado ofisini kwake Kadzo alipomrudia. Alisikiliza habari ya majibu matatu bila kupepesa macho, kisha akafungua mikono kwa huzuni.

"Masikini Rayhana. Sikutegemea."

"Yalitoka kwenye simu. Simu yako ni moja ya mbili."

"Na ya kwake ni ya pili. Kuharibika kwake ni maneno yake." Sauti haikupanda hata kidogo. "Inspekta, saa ulizozitaja mimi niko kwenye hutuba. Ijumaa zote hizo. Baba yangu yuko ubavuni mwangu. Nenda ukamuulize."

Alilisema kwa utulivu wa mtu aliyeweka mali yake mahali pa salama. Kadzo alisimama. Amri ya korti ya kukagua simu ingechukua siku mbili au tatu, na simu yenyewe ingekuwa mkononi mwa Swafwan muda wote huo, na bahari iko hapo tu chini ya daraja. Kalume alikuwa na saa moja na nusu.

"Nitamuuliza," alisema.

Mzee Uthman aliishi Kibarani, nyumba ya rangi ya maziwa yenye baraza safi. Alikuwa karani wa forodha kabla hajastaafu, na mpaka leo alifunga vifungo vya shati hadi juu hata akiwa nyumbani. Kadzo alimkuta amelaza feni chini, ameifungua, skrubu amezipanga kwenye sahani ya kikombe.

"Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitini. Ni lile lori?"

"Ndilo. Nimekuja kuandikisha taarifa fupi. Nataka kujua Swafwan alikuwa wapi Ijumaa."

"Msikitini. Na Ijumaa ya nyuma yake, na ya nyuma yake." Mzee alisema kwa fahari isiyofichika. "Nina watoto watatu wa kiume, wawili wako Ughaibuni, kuwaona ni kwa picha. Huyu tangu mama yake afariki hajaniacha niende Ijumaa peke yangu. Hunipitia hapa, tukaenda, tukakaa pamoja. Andika hivyo."

Kadzo aliandika. Kalamu ilikuwa nzito. Alijua swali linalofuata, na hakulipenda.

"Mkiwa mmekaa, yeye hutulia muda wote?"

Mzee aliweka bisibisi chini. "Kwani kuna mtu amesema?"

"Nauliza tu, Mzee."

"Basi yamefika mpaka polisi!" Uso wake ulibadilika kwa aibu. "Nalimwambia mimi. Nalimwambia watu watazama. Imamu yuko juu ya mimbari, yeye atoa simu. Abonyeza, aitazama, airudisha mfukoni. Nikamkanyaga mguu. Ijumaa ya pili vile vile. Ya tatu sikuvumilia, tulipotoka nikamsimamisha pale penye viatu, nikamwambia: wiki nzima umeshinda na hiyo mashine, wewe huwezi kumpa Mungu nusu saa? Akaniambia, ni kazi, baba, ni kubonyeza mara moja tu."

Kadzo hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Na Ijumaa hii iliyopita?"

"Hii alitulia. Simu hakuitoa kabisa." Mzee alitabasamu kidogo. "Nikashukuru. Nikasema, mtoto ni mtoto hata akiwa na ndevu, ukimkanya husikia."

Feni iliyofunguliwa ilikuwa kati yao. Kadzo aliandika sentensi ya mwisho, akahesabu moyoni: Ijumaa tatu, majibu matatu, na ya nne, ambayo mashine haikuuliza, Swafwan hakuwa na haja ya simu. Ilikuwa saa saba na nusu. Angeweza kumpa kalamu tu. Mzee angetia saini akidhani anamkinga mwanawe, na taarifa ingekuwa halali. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha, lakini hakuweza kuikwepa.

"Mzee, kabla hujatia saini, nikusomee. Kisha nikueleze maana yake."

Alimsomea. Kisha akamweleza, bila kutia chumvi na bila kupunguza: mlango wa Gede, dakika nne, saba, kumi na moja, jina la Rayhana, simu mbili. Mzee Uthman alisikiliza akiwa ameshika skrubu moja ndogo kati ya vidole viwili. Alipoelewa, Kadzo aliona. Mabega yalishuka ndani ya shati lile lililofungwa mpaka juu.

"Ulikuja kunitumia," Mzee alisema.

"Nilikuja kuuliza. Jibu ni lako, na hulazimiki."

"Si walisema dereva ndiye mwizi?"

"Mashine ndiyo isemayo."

"Mashine ya mwanangu." Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake. "Huyo dereva yuko wapi sasa?"

"Kortini. Anangoja kuitwa saa nane."

"Ana baba?"

"Anaye. Ametoka Ganze alfajiri. Nimempita nje ya korti, amesimama, kwa kuwa hajui kama anaruhusiwa kukaa."

Mzee Uthman aliirudisha skrubu kwenye sahani. Akavuta karatasi, akaitua juu ya goti, akatia saini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kama alivyokuwa akitia kwenye nyaraka za forodha kwa miaka thelathini.

"Nenda, mwanangu," alisema, na hakumtazama. "Nenda upesi, kabla sijawa baba yake tena."

Kadzo aliichukua karatasi na wino haujakauka, akatoka mbio hata hakuaga.